Taa Ndani ya Pambo la Mbao

Swali: Mhariri, nimekata kwa leza pambo la Krismasi lenye matabaka matatu ya plaiwudi, ila nikiwasha taa ya LED niliyoibandika nyuma, linaonekana doa moja kali tu na matabaka hayatofautiani. Kasoro iko wapi? Msomaji, Moshi.

Jibu: Ndugu msomaji, kasoro haiko katika ukataji bali mahali pa taa, kwa kuwa taa inayoelekea jicho moja kwa moja hufifisha kila kilicho mbele yake. Ihamishie pembeni, nyuma ya ukingo wa tabaka la mbele, kisha tenganisha matabaka kwa fremu mbili mbili za plaiwudi ya milimita 3, ili kila umbo lipate kivuli chake. Nyuma kabisa weka karatasi nyeupe, nayo itasambaza mwanga kwa upole unaopendeza mno. Kabla ya kukata, funika mbao kwa selotepu ya karatasi, maana masizi yakishaingia kwenye nyuzi za mbao huhitaji msasa mwingi. Betri bapa ya CR2032 ina unene wa milimita 3.2, hivyo itaenea ndani ya fremu hizo. Mfuniko wake ufungwe kwa skrubu, kwa sababu mtoto akiimeza inaweza kumuunguza koo ndani ya saa 2.