Mtoto wa miaka mitatu kukana kosa si lazima awe mwongo

Dada uliyesema kijana wako wa miaka mitatu alikana kula sukari huku chembe zimemjaa mdomoni, na babake anaita huo ujeuri: msimchape kwanza. Nafundisha PP1, darasa la kwanza la chekechea, hapa Nakuru na visa vya hivyo naviona kila wiki.

Mwongo aliyekomaa hupiga hesabu ya kichwa chako: umeona nini, hukuona nini, utaamini nini. Wako angeiweza hesabu hiyo, angejipangusa mdomo kabla ya kukana. Aliona tu sura yako imebadilika, akataka balaa limpite.

Mwaka 1983 wanasaikolojia Heinz Wimmer na Josef Perner walichapisha jaribio la watoto. Maxi anaweka chokoleti kabatini, anatoka kucheza, mamake anaihamishia kabati lingine. Akirudi, ataitafuta wapi? Jibu sahihi ni kabati la kwanza, maana Maxi hakuona ikihamishwa. Kati ya watoto wa miaka 3 hadi 4 hakuna hata mmoja aliyejibu sawa. Wa 4 hadi 6 walifaulu asilimia 57, na wa 6 hadi 9 asilimia 86. Mimi hulifanya kwa penseli na mikebe miwili. Wadogo huuonyesha mkebe wenye penseli bila kusita, tena wananishangaa mwalimu mzima kuuliza jambo lililo wazi hivyo! Kwamba mwenzao alikuwa nje na hakuona kitu, haiwaingii. Wanachokijua wao, kila mtu anakijua.

Umri pekee hautoshi, mazungumzo nayo husaidia. Watoto wenye ndugu wengi huelewa mapema kidogo, na hilo nalikubali nikiwatazama wale wa ploti waliokulia katikati ya binamu: wanajua nani kaficha mpira na nani bado anautafuta. Kama wako yuko peke yake, mtajie yaliyo vichwani mwa watu. "Nyanya anadhani tuko nyumbani, hajui tumekuja sokoni."

Na acha kumuuliza "umekula sukari?" ilhali umeshaona. Huo ni mtego. Mwambie, "Naona umekula sukari, siku nyingine uniombe," kisha uiweke juu asikoifikia.

Babake akizidi kubisha, ampigie kijana simu kutoka kazini amuulize kama ameoga. Usishangae akiitikia kwa kichwa tu, halafu akasubiri kusifiwa.