Kabla hujampa fundi mbuzi ya bibi

Mbuzi ninayoisema hapa haili majani. Ni ile ya kukunia nazi, vibao viwili vinavyokunjana na chuma chenye meno kwa mbele, na ilikuwa ya bibi yangu mzaa baba, Mji wa Kale, Mombasa. Bibi alipofariki vitu viligawanywa. Mimi niliangukiwa na mbuzi hiyo, kasha moja lisilo na ufunguo, na bao lenye kete pungufu. Nikavipakia vyote hadi Nairobi, nikiwa na mapenzi mengi na akili chache.

Mbuzi ilikuwa nyeusi kwa mafuta ya nazi ya miaka na miaka. Nikaona aibu kuiweka sebuleni hivyo. Kuna fundi wa fanicha kando ya barabara karibu na kwangu, mtu mwema na kazi yake safi. Akaigeuzageuza, akaniuliza, "Tuipige msasa, bosi?" Nikamwambia piga. Akaipitishia mashine pande zote, akaipaka vanishi mara mbili. Niliporudi jioni inang'aa kama kiatu cha askari siku ya gwaride. Nikamwongezea na pesa ya soda.

Miezi michache baadaye shangazi yangu akaja kututembelea. Akaiona, akapitisha kiganja pale pa kukalia, akaniuliza, "Hii umenunua wapi?"

"Ni ya bibi, shangazi."

Akaigeuza juu chini, akaigeuza tena. "Ya bibi ilikuwa na bonde," akasema.

Kweli ilikuwa na bonde. Mama yake bibi aliikalia, bibi akaikalia, na shangazi mwenyewe alijifunzia kukuna juu yake akiwa mdogo. Bonde lilizidi upande wa kushoto kwa sababu bibi, nyonga ilipoanza kumsumbua, alikuwa akikaa upande upande. Ubavuni palikuwa na doa la kaa la moto. Vyote hivyo vilikuwa vumbi chini ya meza ya fundi, na fundi hana kosa hata chembe. Nilimlipa mimi.

Naandika kwa sababu kila mara narushiwa picha ya kiti, sanduku au kinu cha marehemu fulani, na swali ni moja: nikipake nini kipendeze? Jibu langu siku hizi ni kwamba, kabla ya kupaka chochote, nenda makumbusho ukatazame wenzake. Na usivitazame kwa mbele tu.

Hilo nilifundishwa Lamu. Makumbusho yenyewe yamo katika jumba la ghorofa lililoelekea bahari, na watu wengi hupita mbio kwenda kuiona ile siwa ya Pate, baragumu kubwa la pembe ya ndovu. Wana haki yao, siwa ni siwa. Lakini mimi nilikuwa nimesimama mbele ya kiti cha enzi nikipiga picha. Mzee mmoja anayehudumu pale akanisogelea. "Mwanangu, kiti hakitazamwi hivyo. Piga magoti."

Nikapiga magoti. Kwa mbele, kiti cha enzi ni fahari tupu: mgongo mrefu wima, mikono mipana, pa kuwekea miguu pamechomoza mbele, mti mweusi uliotiwa njumu, yaani vipande vya pembe au mfupa vilivyopachikwa, na katikati kamba za pamba zilizofumwa kwa ruwaza. Katika nyumba za waungwana wa Lamu, Pate na Siyu, karne ya 19, kiti hiki kilitengewa mgeni wa heshima, hata kama mwenye nyumba mwenyewe atakaa kwenye mkeka. Ukiinama chini yake unaona kingine. Mti haukusuguliwa. Njia ya tezo bado ipo, na pale patasi ilipoteleza panaonekana. Hakuna msumari. Ulimi wa kipande kimoja umeingia katika tundu la kingine, tena vipande vingi vyembamba, kila kimoja kikimshika mwenzake. Ncha za mikono zimelainika kuliko sehemu nyingine yoyote, maana mtu akikaa kitako hapo, viganja havina pengine pa kwenda.

"Fundi wako angekiona hiki," mzee akanambia, kwani nilikuwa nimeshamsimulia habari ya mbuzi, "angekipiga misumari sita na kukitia vanishi." Akacheka. Mimi sikucheka sana.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kitu kikikufikia mkononi, ni kukipindua. Chini, nyuma, na ndani ya droo ndiko ambako hakuna aliyejali kupapendezesha, na ndiko kuliko na habari. Alama za msumeno wa mkono hazilingani, za mashine zimepangana sawasawa. Msumari wa duara wenye kichwa bapa kwenye kasha unaloambiwa ni la karne ya 18 una jambo la kukueleza. Na njumu nyeupe, usikimbilie kuziita pembe. Tazama kwa kioo cha kukuzia: mfupa una vitundu na vistari vidogo vyeusi, ilhali pembe ya ndovu haina vitundu, na mahali pengine huonyesha mistari inayopishana kama wavu. Piga picha za hayo yote kabla hujakigusa kwa kitambaa chochote. Mimi sina hata picha moja ya lile bonde.

Kasha sasa. Makasha haya ya shaba shaba watu huyaita ya Zanzibar, ingawa mengi yalikuja na majahazi kutoka Bara Hindi, Surat na pwani ya Malabar, kwa mti wa msaji na miti mingine ya huko. Mafundi wa huku nao wakaanza kutengeneza ya kwao. Nilipokuwa nayatazama ya makumbusho, nikagundua kwamba mengi ndani, upande wa kushoto ukifungua, yana kijisanduku kirefu chenye mfuniko wake. Baadhi ya vijisanduku hivyo vina ubao unaoteleza, na nyuma ya ubao kuna vidroo vya siri. Niliporudi nyumbani nikaingiza kidole katika kasha la bibi, nikasukuma, ubao ukapanda. Kulikuwa na karafuu kavu, kifungo cha kanzu, na kipande cha karatasi ya hirizi kilichooza. Miaka 3 kasha limekaa kwangu na nguo za baridi juu yake! Vile vitu nimevirudisha mlemle, havijatoka.

Shaba ya kasha usiisugue kwa dawa ya kung'arishia. Dawa inaingia kwenye ubao ikikauka nyeupe, haitoki tena, na kila ukisugua unakula nakshi. Brashi laini ya kupakia rangi, kavu na mpya, inatosha. Kitambaa cha majimaji kiache jikoni. Mafuta ya nazi, ambayo kila mzee atakushauri, yanavundika, yanashika vumbi, na wadudu wanayafurahia. Tena usiliweke kasha chini kwenye saruji, unyevu unapanda. Liinue kwa vibao viwili.

Jambo ambalo sikulijua kabisa ni hali ya hewa. Mti uliozaliwa na kuzeekea pwani, ukiupeleka bara kukavu ukauweka dirishani juani, unajikunja. Mfuniko wa kasha langu ulipasuka ufa wa unene wa kadi ya simu mwaka wa kwanza tu. Nilitaka kuujaza gundi na unga wa mbao. Ashukuriwe aliyenizuia, kwa sababu mvua ziliponyesha ufa ulijifunga karibu wote. Ningeujaza, mti ungekosa pa kurudi na ungepasuka pengine. Siku hizi kasha liko ukuta wa ndani, mbali na dirisha na mbali na jiko.

Vitu vya watoto ni habari nyingine, na hapa makumbusho yetu yamepungukiwa, nasema kwa mapenzi. Utaviona viti, milango na vitanda, lakini ile pia ya kuzungusha ya mtoto hutaiona kirahisi. Sababu yake inaeleweka. Kitanda kilirithiwa; pia ilipoteleza ikaingia jikoni ikawa kuni. Vijahazi ambavyo watoto wa Lamu huchonga na kuvitia tanga la kitambaa, kimoja kikivunjika hutengenezwa kingine kesho yake, nani ataweka? Kwa hiyo ukikuta nyumbani kwenu kitu cha kuchezea cha mti, hata kibaya, hata chenye gurudumu moja, usikitupe kwa sababu hakina nakshi. Muulize mzee wa nyumba jina lake na namna kilivyochezwa, uandike. Kitu bila jina lake ni kipande cha ubao tu.

Bao nalo liko katikati, la watu wazima na la watoto. La bibi ni la kawaida: mashimo 32, safu 4, kete zinazotakiwa 64, na zilikuwa zimebaki 41. Nilitaka kununua gololi za kioo nijazie. Shangazi akanitazama kama nimetukana. Kete ni za komwe, akanambia, na mikomwe bado inaota pwani. Akaniletea mfuko mzima. Ukilitazama bao hilo kwa pembeni, taa ikiwa chini, utaona ubao umemeremeta kuzunguka nyumba, lile shimo la pembe nne, kuliko kwingine kote. Vidole vilirudi hapo maelfu ya mara. Bahati yake sikulipeleka kwa fundi siku ileile.

Halafu kuna vitu vinavyofanana na vya kuchezea na si vya kuchezea. Mwana hiti wa Wazaramo na Wakwere, kile kiumbe cha mti chenye kiwiliwili cha mviringo na nywele zilizochongwa zikagawanyika juu ya kichwa, kimewekwa kwenye makabati mengi ya Ulaya na kuandikiwa "mwanasesere". Si mwanasesere. Alipewa mwali aliyewekwa ndani, akamlea, akamwosha, akampaka mafuta, kama atakavyomlea mwanawe. Ukirithi kitu cha namna hiyo usimpe mtoto akiburute uani, wala usikiandikie bei kabla hujakaa na mwanamke mzima wa familia aliyepitia hayo. Pengine hatakueleza yote. Haidhuru.

Wadudu. Ukiona vitundu vidogo vya duara na chini yake unga laini kama wa sembe, wamo, na wanaweza kuhamia kwenye mlango wako. Wengi humiminia mafuta ya taa, na mimi nilikuwa mmoja wao. Harufu haikuisha mwaka mzima na wadudu hawakukoma. Makumbusho hutumia baridi kwa vitu vidogo. Niliifanyia bao. Nililifunga kwa plastiki mara mbili, nikakamua hewa, nikaziba kwa utepe, nikamwomba jirani anayeuza samaki anipe nafasi kwenye friza lake kubwa. Lazima baridi ifike nyuzi 20 chini ya sifuri, na likae wiki 2. Wateja wake walikuwa wakiuliza huyo ni samaki gani. Siri iko wakati wa kutoa: usifungue plastiki. Acha siku nzima hadi kitu kifikie joto la chumba, ili ule umande utande nje ya plastiki na si juu ya mti. Kitu chenye rangi, njumu au gundi ya zamani usikijaribie hivi. Uliza kwanza mtu wa makumbusho. Niliowahi kuwauliza wote walinijibu kwa furaha, huenda kwa kuwa hawaulizwi mara nyingi.

Na kuuza au kusafirisha: Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006, na vitu vya kale havitoki nchini bila kibali. Njumu zikiwa za pembe ya ndovu mambo yanazidi kuwa mazito, maana ndovu wa Afrika aliingizwa kwenye daraja la ulinzi mkali la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 1989. Mtu akikwambia "mimi nitakipitisha," mkimbie.

Pia usidhani cha zamani ni kile chenye nakshi peke yake. Katika Makumbusho ya Kasri, Unguja, miongoni mwa samani za masultani niliona kabati la formaika, lile lile la mama zetu. Wakati wake lilikuwa ndilo la kisasa. Nilisimama mbele yake muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya vitanda.

Mbuzi ya bibi nimeitoa sebuleni. Iko jikoni, na mwezi wa Ramadhani uliopita shangazi alikuja akaikalia na kukuna nazi 6 za futari, akilalamika kwamba vanishi inateleza. Upande wa kushoto imeanza kubanduka.