San Clemente: anzieni chini

Wadogo zangu mnaoanza kusoma historia ya makanisa hapa Roma, San Clemente mtapelekwa tu. Mimi siku ya kwanza niliingia, nikakodolea macho dari la dhahabu, nikaandika daftarini: karne ya 4. Kazi ilirudi na wino mwekundu.

Dari lile ni la karne ya 18. Kanisa lenyewe lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 12, enzi za Papa Paskali wa Pili. Nilichojifariji nacho ni kwamba hata wataalamu walilidhania kuwa ndilo la kale, mpaka Padre Joseph Mullooly, Mdominiko wa Ireland, alipoanza kuchimba mwaka 1857. Chini ya sakafu alikuta kanisa la karne ya 4 limefukiwa.

Kwa hiyo kata tiketi, vaa sweta, shuka kwanza. Utaona nguzo zimemezwa na kuta nene, nyingine zimechungulia ubavu tu. Usidhani fundi alilewa. Walijaza kifusi, wakajenga kuta za kubeba mzigo, ndipo wakainua juu yake kanisa jipya, jembamba kuliko la awali. Humo pia kuna mchoro wa Sisinio, bwana mmoja wa Kirumi katika hadithi za Mtakatifu Klementi, papa wa kale ambaye kanisa lina jina lake. Anawahimiza watumishi wake wavute nguzo, wakidhani ndiye Klementi wamemkamata. Maneno yake yameandikwa kwa lugha ya mtaani, na ni tusi zito. Kanisani!

Shuka tena ufike kwenye majengo ya Kirumi na chumba cha ibada ya Mithra, mungu wa kipagani wa enzi za Warumi: dari la chini, mabenchi ya mawe kulia na kushoto, altare yenye Mithra akimchinja fahali. Nyamaza kidogo. Maji utayasikia yakipita; mfereji wa kuyatoa ulichimbwa kati ya 1912 na 1914.

Ukipanda, nenda kwenye uzio wa marumaru wa waimbaji. Una alama ya jina la Papa Yohane wa Pili (533–535), maana ulihamishwa kutoka kanisa la chini. Hapo ndipo wengi hukwama kwenye mtihani. Siku hizi kila kitu nakiandikia tarehe mbili: ya jiwe lilipochongwa, na ya siku lilipowekwa pale lilipo.

Mozaiki ya msalaba wenye njiwa 12 iache mwisho. Kaa benchi la nyuma, shingo haitakuuma.