Maoni ya watumiaji kuhusu CDP na vidhibiti tegi: tazama nani kaandika na kaandika lini

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, kama zile nyota nne na nusu ambazo karibu kila jukwaa la data za wateja (mfumo unaokusanya taarifa za kila mteja mahali pamoja; tuliite CDP, ndivyo tunavyoliita kazini) linapewa na watumiaji zina ukweli. Pili, kama timu ya watu watatu wenye tovuti, programu ya simu na Google Tag Manager (GTM, kidhibiti tegi, yaani zana ya kusimamia vipande vya msimbo wa kupima, ndizo tegi) inayofanya kazi ina sababu ya kununua CDP juu yake. Mimi nimekula miaka kadhaa kwenye kazi hii. Nimetumia GTM na Tealium (kidhibiti tegi kingine), na CDP nimeishi nazo mbili: moja ya kulipia, nyingine tuliyoisimamisha wenyewe kwenye seva zetu. Najibu kwa niliyoyaona, mwenye uzoefu tofauti anirekebishe.

Nyota ni za kweli. Wanaoandika hawadanganyi, ila angalia wanaandika lini. Muuzaji anakuomba maoni wiki chache tu baada ya kufunga mfumo, dashibodi ndiyo kwanza imeanza kuonyesha namba, kila mtu ofisini anafurahi. Wakati mwingine kuna kadi ya zawadi ndani yake (G2, tovuti ya maoni ya programu, huweka alama kwenye maoni yaliyotolewa kwa motisha, itafute kabla hujasoma). Mimi mwenyewe nilitoa nyota tano mwezi wa pili. Mwezi wa kumi na moja ningetoa tatu, lakini wakati huo hakuna aliyeniuliza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wengi wa wanaotoa nyota tano bado wamekaa ukingoni mwa kitanda.

Jambo jingine ni cheo cha aliyeandika. Chukua kidhibiti tegi chochote: mtu wa masoko ataandika "rahisi, sihitaji tena kuwasubiri watengeneza programu", halafu mtengeneza programu wa kampuni ileile ataandika "tovuti imekuwa nzito na hatujui nani kaweka nini". Wote wawili wako sahihi, tena wanazungumzia kitu kimoja. Zana hizi zilizaliwa kwa ajili hiyo hasa: badala ya kubandika kila msimbo wa kupima kwenye kurasa, unabandika kontena moja, mengine yote unayaongeza ukiwa kwenye dashibodi. Tealium ilianza 2008. Google wakaja na yao Oktoba 2012, wakaitoa bure, na mazungumzo ya bei yakaishia hapo kwa kampuni nyingi ndogo. Uhuru huo ndio dawa na ndio ugonjwa. Nimewahi kukabidhiwa kontena lenye tegi 140, na karibu nusu hakuna aliyejua ni za nani. Kila aliyepita aliongeza, hakuna aliyefuta, kwa sababu kila mmoja aliogopa kuvunja kitu cha mwenzake.

Kwenye GTM sifa ninayoiunga mkono bila kusita ni matoleo: ukichapisha kitu kibovu unarudi toleo la jana kwa dakika moja. Lawama ninayoiunga mkono ni kwamba akaunti ya bure ina nafasi tatu tu za kufanyia kazi kwa wakati mmoja, na kontena lenyewe lina kikomo cha ukubwa. Ukisikia mtu analalamika kuhusu hicho kikomo, mara nyingi ana tegi za HTML za kujiandikia zimejaa humo, na hizo ndizo hatari zaidi maana zinaweza kufanya lolote kwenye ukurasa.

Sasa tofauti ya msingi, kwa sababu maoni mengi yanazichanganya zana hizi mbili. Kidhibiti tegi hakimkumbuki mtu. Kinajua ukurasa uliofunguka sasa hivi na kitufe kilichobonyezwa sasa hivi, kinarusha taarifa kwa Google, Meta au popote ulipokiambia, kisha kinasahau. CDP inakumbuka. Inapokea matukio (kila anachofanya mtu, kama kubonyeza au kununua) kutoka kwenye tovuti, programu ya simu, huduma kwa wateja na mauzo ya dukani, inajaribu kuyaunganisha yawe ya mtu mmoja, ndipo inayapeleka kwenye mifumo mingine. Jina lenyewe alilitoa David Raab, mshauri wa teknolojia ya masoko, mwaka 2013. Kwa hiyo anayesema "CDP yetu imechukua nafasi ya GTM" ana maana kwamba ile sehemu ya kurusha matukio imehamia huko. Sehemu ya kukumbuka ni kazi mpya kabisa ambayo hakuwa nayo, na ndiyo inayokula usingizi.

Hapo kwenye kukumbuka ndipo tulipoumia, na nitapaeleza kidogo.

Mgeni akiingia kwenye tovuti anapewa namba ya muda inayokaa kwenye kidakuzi (cookie, faili dogo ndani ya kivinjari). Akijisajili au akiingia kwenye akaunti, mfumo unaifunga ile namba ya muda na utambulisho wake halisi. Akifanya hivyohivyo kwenye simu, vifaa viwili vinakuwa mtu mmoja. Kwenye onyesho la muuzaji jambo hili linapendeza mno. Sisi tulikuwa na vishikwambi ambavyo wahudumu walivitumia kuwasajili wateja. Anakuja mteja, anaandikishwa, anaondoka, anakuja mwingine kwenye kishikwambi kilekile. Hakuna aliyekumbuka kuuamuru mfumo uanze namba mpya baada ya kila usajili. Namba moja ya muda ikafungwa na baruapepe ya kwanza, ya pili, ya mia. Baada ya miezi minne tulikuwa na "mteja" mmoja mwenye baruapepe zaidi ya elfu tatu, anayenunua usiku na mchana. Tuligundua pale mama mmoja alipopiga simu kuuliza kwa nini ujumbe wetu unamwita kwa jina la mwanamume asiyemjua.

Kurekebisha kwenyewe kulikuwa mistari miwili ya msimbo. Kuwatenganisha watu walioshaunganishwa ndiko kulikochukua wiki sita, kwa sababu mfumo wetu haukuwa na namna ya kutenganisha. Tulifuta na kujenga upya kutoka kwenye data ghafi, ambayo kwa bahati tulikuwa tunaihifadhi pembeni. Tulipokuwa humo tukakuta uchafu mwingine: namba za simu za sifuri tupu, baruapepe za majaribio za wafanyakazi, na anwani moja ya ofisi iliyotumiwa na idara nzima. Vyote hivyo vinatakiwa kuzuiwa tangu siku ya kwanza visihesabike kuwa utambulisho. Baadaye nilirudi kusoma maoni ya watumiaji wa mfumo ule, ukurasa baada ya ukurasa. Wawili tu walikuwa wamegusia suala la kuunganisha watu kimakosa. Nilikuwa nimewapita kwa sababu walitoa nyota mbili na lugha yao ilikuwa ya hasira.

Kabla ya hapo tulikuwa na kosa la kizamani kwenye kidhibiti tegi: tukio la manunuzi lilirushwa kila ukurasa wa "asante kwa oda" ulipofunguka. Wateja walikuwa wanaurudia ule ukurasa kutazama namba ya oda, na kila mara tulihesabu mauzo mapya. Kwenye GTM kosa hilo lilichafua ripoti moja. Tulipoweka CDP, likasambaa mahali sita kwa sekunde chache, ukiwemo mfumo wa kuamua nani apewe punguzo la mteja wa mara kwa mara.

Kuhusu malipo, soma kwa makini wanaolalamika kuhusu ankara. Baadhi ya CDP, Segment ikiwemo, zimetoza kwa idadi ya watumiaji wanaofuatiliwa kwa mwezi, na wageni wasiojulikana wanahesabiwa pia. Sasa unganisha na hili: tangu 2019 Safari inafuta baada ya siku saba vidakuzi vinavyowekwa na msimbo wa kwenye ukurasa. Mtu anayerudi kwako kila baada ya siku kumi kwa iPhone yake anaonekana mgeni mpya kila mara. Kichwa kimoja, unalipia vitatu. Ukiwa na wateja wengi wa Safari, makadirio ya muuzaji zidisha kabla ya kusaini. Mifumo inayotoza kwa idadi ya matukio ina ugonjwa wake: mtengeneza programu mmoja anaongeza tukio la kila mara mtu anaposogeza ukurasa, na bajeti ya robo mwaka inaisha katikati ya mwezi wa pili.

Tarehe nazo usizipuuze. Segment ilinunuliwa na Twilio mwaka 2020 kwa dola bilioni 3.2. CDP nyingine nazo zimenunuliwa: ActionIQ ilikwenda Uniphore mwishoni mwa 2024, mParticle ikaenda Rokt mwaka 2025, Lytics ikaenda Contentstack. Snowplow, zana ya kukusanya matukio ambayo wengi waliisifu kwa kuwa programu huria (msimbo wake uko wazi), ilibadilisha leseni Januari 2024. Sifa za huduma kwa wateja zilizoandikwa kabla ya mabadiliko hayo zinasifu watu ambao pengine hawapo tena.

Njia ya kurusha tegi kwa upande wa seva (taarifa zinapita kwanza kwenye seva yako badala ya kutoka moja kwa moja kwenye kivinjari), ambayo Google waliifungua 2020, naipenda, ila si kwa sababu inayotajwa sana. Kurasa zinakuwa nyepesi na unaamua mwenyewe taarifa gani inatoka kwenda kwa nani. Anayekwambia ni njia ya kukwepa ridhaa ya mtumiaji, mkimbie. GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika Mei 2018, haiulizi msimbo wako unakaa upande gani.

Kwa hali yako, ningekuwa mimi nisingenunua mwaka huu. Mna watu watatu, na CDP inahitaji mmoja wao awe mlinzi wake wa kudumu. Mnalo ghala la data (hifadhi kuu ya data zenu) na mtu anayeandika SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata? Basi jaribuni kwanza zana zinazochota kutoka ghalani na kupeleka kwenye matangazo, kama Hightouch, au RudderStack inayoweza pia kukusanya. Chagueni uamuzi mmoja tu, mathalani kuacha kumwonyesha tangazo mtu aliyekwisha kununua, muone kama mnaweza kuufanya vizuri kwa mwezi mzima.

Mkiamua kununua hata hivyo, kataeni onyesho la data za mfano. Wapeni data zenu chafu za wiki mbili. Kisha mwambieni mtu wa mauzo awatenganishe, mkiwa mnatazama, watu wawili waliounganishwa kimakosa. Yule wa kwetu angeulizwa swali hilo, tusingesaini. Ombeni pia kuzungumza na mteja aliyeuacha mfumo wao. Watasita, lakini ombeni.

Ukiwa na orodha ya matukio mnayorusha sasa kutoka GTM, iweke hapa, ficha majina ya kampuni. Nitaanza kuitazama kwenye matukio ya manunuzi na ya kuingia kwenye akaunti. Niambie pia kama programu yenu ya simu inatumiwa na watu zaidi ya mmoja kwenye kifaa kimoja.