Lenzi ya pili baada ya 18-55: 70-300 au 50?

Mkuu, umeuliza kama baada ya ile 18-55 iliyokuja na kamera ununue 70-300 au 50 ya f/1.8. Nakujibu kwa makosa yangu mwenyewe.

Milimita ndizo zinazoamua lenzi inaona upana kiasi gani: 18 inabeba chumba kizima, 300 inakuletea ndege mmoja kwenye tawi. Ila kamera yako ina sensa (kile kipande kinachonasa picha) ndogo, aina ya APS-C, kwa hiyo zidisha milimita kwa 1.5 (Canon 1.6). 50 kwako itabana kama 75, na sebuleni utajikuta umegota ukutani huku watu wawili bado wako nje ya picha.

Wengi tunadharau namba ya f, yaani ukubwa wa tundu la lenzi linalopitisha mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Mimi nilianza na 70-300, nikaringa nayo mpaka nilipoitwa kupiga harusi ya ndugu, usiku, ukumbini. Nikavuta hadi 300, tundu likagoma kufunguka zaidi ya f/5.6, shata (muda wa kamera kupokea mwanga) ikashuka hadi 1/60 ya sekunde. Kufika nyumbani, bwana harusi ana pua mbili. Kwa urefu ule, ukishika kwa mkono, unataka shata ya 1/500 hivi, na taa za ukumbi haziwezi kukupa hiyo. Kitulizaji kilichomo ndani ya lenzi kinatuliza mkono wako, hakimtulizi anayecheza.

Tundu la f/1.8 linapitisha mwanga karibu mara 10 ya f/5.6. Niliazima 50 kwa shughuli iliyofuata, nikahesabu kope za bibi harusi. Adhabu yake ni kwamba ukisogea karibu, jicho moja linakuwa kali na sikio limeshayeyuka. Watu wakisimama mbele na nyuma, panda f/4 au f/5.6. Na haivuti, utatembea kwa miguu.

Sura ya mtu usiipige kwa 18 ukiwa umemkaribia. Pua inavimba, masikio yanakimbilia nyuma. Kinachoharibu ni ukaribu, basi rudi nyuma uvute hadi 55. Kwenye picha ya kundi kwa 18, wa pembeni wananenepa, kwa hiyo mama mkwe muweke katikati.

Makro, lenzi za kupiga vitu vidogo kwa karibu sana, waachie wanaopiga wadudu na pete.

Sasa fungua picha zako za miezi hii, tazama taarifa za faili. Nyingi zikiwa 55 na za nje mchana, chukua 70-300. Zikiwa za ndani, chukua 50, au 35 kama vyumba ni vidogo. Kabla ya kutoa hela, zungusha 18-55 yako hadi milimita 50, uifunge hapo kwa utepe wiki nzima uone kama utavumilia.

Kama kamera ni Nikon ya kuanzia, mfano D3500, epuka 50 ya zamani ya AF-D. Itaingia bila shida, lakini haina mota ya fokasi na kamera hiyo pia haina, kwa hiyo fokasi utazungusha kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S, yenye mota yake ndani.