Nyota sita za Subaru
SWALI: Habari mhariri, nataka kununua Subaru, hizo nyota kwenye nembo ni za nini na wenye nazo wanasemaje?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Subaru kwa Kijapani ni Kilimia, lile kundi la nyota angani, ile nyota kubwa ni kampuni ya Fuji Heavy Industries ya 1953 na ndogo tano ni kampuni zilizoungana kuiunda, asili yake kiwanda cha ndege cha Nakajima, historia tamu sana hii. Injini yao ya boksa walianza nayo 1966, pistoni zimelala kulia na kushoto so uzito unakaa chini na gari inashika kona vizuri, hapo wenye nazo wanaisifia mno. Ila injini za zamani za lita 2.5 zinajulikana kwa gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake) kuvuja, kabla hujalipa fundi acheki hapo kwanza.