IST ya 1NZ kukosa nguvu mlimani: ipime ikiwa inavuta mzigo

Mkuu, kwa ulivyoeleza, Toyota IST yako yenye injini ya 1NZ-FE mjini haina shida. Ikifika mlimani au ukitaka kupita lori inakuwa nzito kuanzia resi (mizunguko ya injini kwa dakika) 3,000 hivi, taa ya cheki injini haiwaki, plagi na ea klina ni mpya, na fundi sasa anasema injini imechoka, ununue nyingine. Usinunue kwanza.

Gari hiyo imepimwa gereji ikiwa silensa, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, na silensa haiwezi kukuonyesha ugonjwa huu. Ikiwa imetulia, injini hii inavuta kama gramu 2 za hewa kwa sekunde. Ukikanyaga mpaka chini kwa resi 4,000, inavuta kama 50. Pampu ya mafuta iliyochoka, au masega (kichujio cha moshi kwenye ekzosi) yaliyoziba nusu, yatahudumia gramu 2 bila wasiwasi wowote.

Kabla ya kupima, hakikisha kosa liko kwenye injini kweli. Mshale wa resi ukipanda na spidi ikabaki palepale, hiyo ni gia boksi inateleza. Rimu moja ikiwa ya moto kuliko wenzake baada ya safari, breki inakamata. Na kama gari imetoka Dar au Mombasa ikahamia Nairobi au Mbeya, injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwenye mita 1,700 ni kama asilimia 16 imekwenda, na hakuna kifaa cha kubadilisha kitakachoirudisha.

Sasa chukua kile kifaa kidogo cha OBD cha bluetooth, kinachochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake, na simu, mtu mwingine akae pembeni asome namba, wewe uendeshe tu. Tafuta kilima kisicho na magari, injini ikiwa imeshapata moto, weka gia ya 2 na ukanyage mpaka chini kutoka resi 2,000 hadi 4,500. Rekodi hewa inayoingia kwenye injini (MAF, gramu kwa sekunde) na volti za sensa ya oksijeni ya nyuma, ile iliyo baada ya masega. Halafu kwenye barabara tambarare angalia marekebisho ya mafuta, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza petroli, utayaona yameandikwa STFT na LTFT: mara moja ukiwa silensa, mara nyingine ukiwa unatembea na resi 2,500. Jumla ya hizo mbili ikiwa ndani ya asilimia 10, juu au chini ya sifuri, ni sawa.

Hewa ikiwa karibu 50 kwa resi 4,000 (Nairobi tegemea 40 hivi), lakini sensa ya nyuma inashuka chini ya volti 0.2 badala ya kukaa juu ya 0.8, hewa ipo na petroli haifiki. Marekebisho nayo yatakuwa mazuri silensa, kisha yanapanda kadiri mzigo unavyoongezeka. Funga geji kwenye laini ya mafuta: 1NZ inataka psi 44 hadi 50, na isishuke ukipiga resi. Usifungue bomba likiwa na presha. Chomoa soketi ya pampu chini ya kiti cha nyuma, washa gari mpaka izime yenyewe, ndipo ufungue. Filta ya injini hii iko ndani ya tangi pamoja na pampu, kwa hiyo usiruhusu mtu akubadilishie pampu peke yake akaacha filta na kile kichujio cha chini. Kikitoka cheusi na kina tope, pampu mpya haitadumu.

Hewa ikisoma ndogo na marekebisho yanapanda resi zikipanda, shuku sensa ya MAF imechafuka na inadanganya. Isafishe kwa dawa yake maalum, si ya kabureta, usiuguse waya wake, na iache ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Marekebisho yakiwa makubwa silensa, mathalani 18, kisha yakashuka karibu na sifuri kwenye resi 2,500, kuna mpira au gasketi ya manifodi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini) inaingiza hewa. Hiyo huharibu silensa zaidi kuliko kupunguza nguvu.

Hewa ikiwa ndogo huku sensa ya nyuma ikibaki juu ya 0.8, injini yenyewe inashindwa kupumua. Kwa dalili zako, hapa ndipo ninapopaangalia zaidi. Mwambie mtu akanyage mpaka chini swichi ikiwa ON lakini injini haijawashwa, uone kama throto (mlango wa hewa ya injini) inafunguka yote. Kapeti nene huzuia pedeli. Ikifunguka, funga geji ya vakyumu kwenye manifodi na ushikilie resi 2,500: mshale ukishuka taratibu wakati mguu umetulia, masega yameziba. Kwa uhakika, fungua sensa ya oksijeni ya mbele na ufunge geji ya presha mahali pake. Silensa isizidi psi 1.5, resi 2,500 isizidi 3.

Masega hayazibi bila sababu. Koili ya plagi ikimisi, petroli mbichi inakwenda kuungulia ndani yake na kuyayeyusha. Injini inayokula oili nayo huyaziba. Usipotibu chanzo, utayaua mapya.

Hayo yote yakiwa safi, ndipo upime kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda): injini ya moto, plagi zote nje, koili na nozeli za petroli zimechomolewa, betri imejaa, na throto imefunguliwa yote. Hapo ndipo injini nyingi nzima huhukumiwa, kwa sababu throto ikifungwa namba zinashuka kwenye silinda zote. Kiwango ni psi 213, mwisho 156, na tofauti kati ya silinda isizidi 14; mikoa ya juu namba zitakuwa chini kiasi. Silinda ikiwa dhaifu, mimina kijiko kimoja cha oili na upime tena. Ikipanda ni ringi za pistoni, isipopanda ni valvu au gasketi ya hedi, na hedi inatengenezeka bila kununua injini.